Sauti Alizozinyoosha

"Huyu mama mshonaji hakusema hivi," mtafiti alisema, akivua vipokea sauti masikioni. "Hakusema hivi hata kidogo."

Bi Sahihi aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Jina hilo alibandikwa na makarani wenzake wizarani, ambako kwa miaka thelathini na moja hakuna barua ya Kiingereza iliyotoka bila kupita mikononi mwake. Alipostaafu, chuo kilimchukua asikilize watu wa kawaida waliorekodiwa wakizungumza Kiingereza chao, kisha aandike waliyoyasema. Hata humo chumbani, yeye na mtafiti walizungumza Kiingereza tu. Sharti lilikuwa la Bi Sahihi mwenyewe.

"Nimemnyooshea kidogo, binti yangu. Alikuwa anatoka nje, akasema, 'Nakuja.' Mtu anaondoka, anakujaje? Nikaandika kwamba anatoka, atarudi."

"Na wengine?"

"Wote nimewanyoosha. Arobaini na wawili." Alisema hivyo kwa fahari.

Mtafiti, binti wa rika la kitindamimba wa Bi Sahihi, alishika kichwa. "Mama, hicho ulichofuta ndicho ninachokitafuta! Wakubwa wanataka kazi Ijumaa ya wiki ijayo. Wakiiona hivi, mradi umekufa, mimi na wewe tuko nje."

"Kwa hiyo niandike makosa? Kwa mkono wangu huu?"

"Si makosa, mama, ni..." Mtafiti aliinuka kwa hasira, goti likagonga kona ya meza ya chuma. Gu!

"Sori! Sori, mwanangu!" Bi Sahihi alikuwa ameshatoka kitini, anamshika mkono.

Mtafiti aliganda, goti kiganjani. "Umesema sori. Kwani ni wewe uliyenigonga?"

Bi Sahihi alirudi kitini polepole. Swali hilo aliwahi kuulizwa. Alikuwa na miaka minane, mwalimu mgeni kutoka Uingereza akajikwaa ngazini, madaftari yakatawanyika, naye akakimbia kuyaokota huku akisema sori, sori, mwalimu. "Umenitega wewe?" mwalimu aliuliza. Darasa zima likacheka. Alisimamishwa ukutani mpaka kengele, ajifunze kwamba kwa Kiingereza neno hilo ni la mwenye kosa. Tangu siku hiyo alilifuta katika barua za watu kila alipolikuta limebeba pole badala ya kuomba radhi. Kumbe mdomo wake haukuwahi kutii.

"Sikiliza hii," mtafiti alisema, sauti imeshuka. "Ni ya watu wa mbali, ng'ambo ya bara. Lugha zao na zetu hazijuani kabisa."

Kwenye rekodi kulikuwa na kelele za gereji. Kitu kizito kikaanguka, mwanamume akaguna kwa maumivu, na mwanamke aliyekuwa mbali naye akapaza sauti, "Sori-o!"

Vinyweleo vilimsimama Bi Sahihi mikononi. "Nani aliwafundisha?"

"Hakuna. Walikuwa na pole yao, wakakuta Kiingereza hakina pa kuiweka, wakalitwika neno hilo kazi mpya. Na sisi vilevile. Hatukuwahi kuonana nao."

Bi Sahihi alianza upya siku hiyo hiyo. Mara ya kwanza mkono ulikataa. Alifika kwenye "nakuja" ya mshonaji, vidole vikaelea juu ya vitufe kama vya mtu anayeogopa maji ya moto. Kisha akaiandika. Fundi bomba naye alisema hivyo hivyo, akiwa mlangoni. Muuguzi pia, na mchungaji, na mpiga picha aliyeapa kwamba hakumaliza hata darasa la tano. Hakuna aliyemwiga mwenzake, lakini hakuna aliyekosea. Kila mmoja alikuwa ameweka tofali lake bila kujua kuna nyumba, na nyumba ilikuwa imesimama, ina milango na madirisha. Na yeye, miaka yote hiyo, alikuwa akipita nyuma yao na nyundo.

Rekodi ya mwisho aliifungua Alhamisi ya wiki iliyofuata, alasiri. Ilikuwa ya jikoni, sahani zikigongana kwenye karai. Mama mmoja alikuwa akiosha vyombo, na binti yake wa miaka mitatu, ambaye Kiingereza hicho ndicho lugha yake ya kwanza, alitaka kabati lifungwe. Akachukua neno la mlango, akaligeuza kitendo, kama vile mtu aseme, "Mama, limlangishe!"

Mama alicheka. Sahani zikanyamaza. "Haya, nalimlangisha," alimjibu.

Bi Sahihi aliliandika neno hilo kama lilivyo, kisha akairudisha rekodi nyuma mara tatu. Akavibana vipokea sauti masikioni kwa viganja vyote viwili na kufumba macho. Huko jikoni, mtoto alivuta pumzi aseme tena.