Saa za Akelo

Miaka ile viwanda vya sangara vilipoota kama uyoga ufukweni mwa Ilemela, Wilhelmina alipewa kusimamia meza za minofu, na cheo kikamkaa vibaya. Zamani alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo, wakampunguza, akakaanga maandazi barabarani mpaka nguo zake zikanuka mafuta hata kanisani. Hofu ya kulirudia lile karai ndiyo iliyomfanya awe mkali kumpita meneja mwenyewe.

Kwake kazi ilikuwa kuingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka jua likizama, hakuna kuchungulia nje. Samaki hawakuwa na habari hiyo. Boti zilifika mchana kutoka visiwani, na asubuhi yote wanawake walikaa kwenye mabenchi, visu vikavu mapajani, wakitegeana vitendawili.

"Kitendawili," akasema Bernadeta, mcheshi wao, Jumatatu moja.

"Tega."

"Namwacha analia, namkuta kalala, sura yangu haijui."

Wakakuna vichwa. Mmoja akajaribu: "Mwezi."

"Mwezi wa kwenu unalia? Nipeni mji."

"Chukua Mwanza."

"Siitaki, imejaa mawe."

"Haya, Bukoba."

"Nimekwenda Bukoba, nimekula senene, nimerudi. Ni mtoto wa mkata minofu."

Wakacheka, isipokuwa Akelo, binti wa kutoka Mara aliyekuwa amejifungua juzijuzi tu. Aliinuka akamfuata Wilhelmina mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, naomba saa nne niwe naenda kumnyonyesha mtoto. Nitarudi kabla ya boti. Jioni nitabaki hata wenzangu wakiondoka. Uji anautema."

"Nikikuruhusu wewe, kesho wote watakuwa na wachanga. Hata bibi wa kufagia."

"Ni huyu mmoja tu, mama."

"Kazi ikikushinda, sema. Nje ya geti wapo wanaoililia."

Akelo akarudi kwenye benchi, akakaa.

Siku hiyo boti zilichelewa. Samaki waliingia jioni, na hakuna aliyetoka mpaka meza zilipokwisha. Tena minofu ilikuwa ikiibwa, na Wilhelmina alikuwa ameagizwa kumsachi kila anayepita getini. Akelo akaja mbiombio, kanga kaikunja kifuani, mikono juu yake. Kanga ilikuwa imelowa.

"Simama. Umeficha nini?"

"Sijaficha kitu."

"Mnofu wa barafu unavuja, binti. Shusha mikono."

"Mama, tusogee pembeni."

"Pembeni ndiko mnakogawana. Hapahapa."

Akaivuta kanga mwenyewe. Hapakuwa na mnofu. Gauni lilikuwa limelowa chapachapa kwenye matiti yote mawili, na maziwa yakadondoka kwenye saruji mbele ya walinzi wa kiume na foleni nzima. Akelo hakulia. Aliokota kanga yake, akajifunga, akaenda. Hata Bernadeta, ambaye hakosi neno, alitazama chini.

Wilhelmina mwenyewe alikuwa amenyonyesha watoto wanne, na bado alikuwa amesimama pale akitafuta samaki.

Asubuhi Akelo hakuonekana kazini. Wilhelmina akaingia kwa meneja, akaeleza yote, kisha akaomba wenye wachanga wapangiwe saa zao.

Meneja akashangaa. "Asubuhi si wanakaa bure? Na samaki wakija wameshachoka, wanakata ovyo, nusu ya mnofu inakwenda na mifupa. Mimi nataka mikono yenye nguvu boti zikifika. Hizo saa ulizipanga wewe, mama. Mbona hukuniuliza?"

Hapo aibu ikamzidi. Alikuwa amelinda sheria ambayo meneja mwenyewe hakuihitaji.

Akapanda mlima wa mawe mpaka chumba cha Akelo. Akamkuta ananyonyesha. Akelo hakumwamkia, na Wilhelmina hakuwa na uso wa kuidai shikamoo.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu. Kazi yako ipo. Saa utapanga mwenyewe, meneja amekubali."

Akelo akambadilisha mtoto titi. "Humu tuko wawili na huyu asiyejua kitu. Kanga yangu ulinivulia wapi?"

"Getini."

"Basi hizo radhi ziko getini. Nikizisikia huko, nitarudi."

Kesho yake alfajiri, foleni ikiwa imejaa na Akelo kasimama nyuma kabisa, Wilhelmina alijiweka palepale kwenye saruji.

"Juzi nilimvua Akelo kanga hapa. Hakuiba. Alikuwa ameniomba akanyonyeshe, nikamfukuza kwa maneno, maziwa yakamtoka. Kosa ni langu." Hakuna aliyempa pole.

Akelo akapita mbele yake. "Saa nne natoka."

"Sawa."

Na saa nne akatoka. Nyuma yake wakainuka wengine wawili, ambao Wilhelmina hakuwahi kujua kama wana wachanga. Hawakumwomba ruhusa. Akawashikia geti, akitazama miguu yao mpaka walipopita.