Yusta Amesimama Mwenyewe

Yusta alikuwa akitia vifungo kwenye mashati ya chama kimoja, huku mashati ya chama kingine yakisubiri zamu yao chini ya meza. Kibanda chake kilikuwa Mabwerebwere, kando ya barabara ya kwenda sokoni Kilosa, na mwaka wa uchaguzi ni mwaka mzuri kwa fundi cherehani. Editha, kiongozi wa akina mama wa chama kilichotangulia kuleta vitambaa, alikagua mishono, akaridhika, kisha akauliza kwa utani tu.

"Fundi, unatushonea wote. Siku wewe ukisimama, utasimama na nani?"

"Nitasimama mwenyewe," Yusta alijibu, akainuka kumtafutia mfuko.

Alipotaka kurudi kitini, magoti yalikataa kukunjika. Alijaribu tena akiwa ameshika ukingo wa meza, lakini magoti yalikuwa yamekwisha kuamua. Editha alimtazama juu hadi chini.

"Basi ndiyo umeshasimama hivyo," alisema, akaaga, akaondoka na mashati yake.

Yusta aliinua cherehani juu ya matofali, akaendelea na kazi kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Sababu ya kusimama alikuwa nayo tangu zamani. Baba yake, Mzee Damiano, ni mkulima wa milimani, Mwanglikana wa benchi la mbele. Mumewe, Seni, ni mfugaji, aliyefika Kilosa utotoni na wazazi wake na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Mwaka uliotangulia, ng'ombe wa Kulwa, kaka yake Seni, waliingia kwenye mahindi ya Mzee Damiano, wakwe hao wawili wakapigana mpaka wakaishia hospitali moja, kwenye vitanda vinavyotazamana. Yusta aliwapelekea uji kutoka sufuria moja. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: njia ya ng'ombe kwenda Mto Mkondoa, yenye mipaka inayojulikana, isiyopita katika shamba la mtu. Alikipeleka kwenye chama kimoja, akaambiwa wakulima hawatamchagua mke wa mfugaji. Akakipeleka kwenye chama kingine, akaambiwa wafugaji hawatamchagua binti wa mkulima. Vyote viwili vilimwomba aendelee kuvishonea.

Jioni Seni alimkuta mkewe anakula akiwa wima.

"Mama Brayan, kulikoni?"

"Nimesimama."

"Ubunge?"

"Ubunge."

Seni alinawa mikono, akachukua sahani yake, akala naye kwa kusimama. Alijisikia fahari, na alimwambia hivyo waziwazi, jambo ambalo wanaume wa kwao hawalikimbilii.

Wiki ya kuchukua fomu ilipofika, Yusta alivaa gauni lake la kanisani akaenda kwa msimamizi wa uchaguzi. Huyo alikuwa Cleopa, ambaye Yusta alimshonea kaptula za shule mpaka alipohitaji suruali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu kiti."

"Ningekaa, ila siwezi. Nimesimama."

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa amekaa. Aliuliza chama, akajibiwa hakuna. Basi akaeleza, bila ukali wowote, kwamba mgombea sharti adhaminiwe na chama, na kwamba asiye na chama hawezi kusimama.

"Lakini nimesimama," Yusta alisema.

"Nakuona, mama. Ila kisheria hujasimama."

"Kisheria nimekaa?"

Cleopa alifikiri sana, maana alikuwa mtu mwaminifu.

"Kisheria hupo," alisema. "Na wala si mimi niliyeitunga."

Yusta alimshukuru. Wakati wa kuingia alikuwa amepita mlangoni bila shida. Wakati wa kutoka aligonga paji la uso kwenye fremu ya juu. Aliumia, na zaidi ya paji aliumia moyo, akalia barabarani mchana kweupe bila kujificha kwa mtu. Kila aliyemuuliza kulikoni alimweleza, na kila aliyeelezwa alisema, "Tupo nyuma yako." Alipofika nyumbani kimo chake kilikuwa kimepita paa, ikabidi Seni apande juu kung'oa bati mbili.

Nyumba iliposhindwa kabisa, alihamia kwenye kiwanja kilicho kati ya mahindi ya baba yake na malisho ya Kulwa, akasimama hapo. Ile nguo ya kanisani ilikuwa imebaki kama leso. Wake wa wakulima wakaleta vitenge, wake wa wafugaji wakaleta mashuka, na kwa kuwa hakuna upande uliokuwa na kitambaa cha kutosha, walishona pamoja, wakibishana kuhusu rangi. Yusta alitoa maelekezo ya pindo kwa simu. Huko juu mtandao ulikuwa mzuri.

Bodaboda walianza kutaja nauli ya "mpaka miguuni kwa Yusta". Abiria wa treni ya umeme waliuliza yule ni nani, na wenyeji wa Kilosa waliokuwamo ndani walikaa vizuri zaidi kabla ya kujibu kwamba ni wa kwao, amesimama mwenyewe. Hifadhini Mikumi, waongoza watalii waliwaonyesha wageni twiga, kisha wakawaonyesha Yusta. Watu wa mjini Mikumi walimpigia kuuliza kama wanaweza kumchagua. Aliwajibu kwa heshima kwamba wao ni jimbo jingine, na kwamba hata katika jimbo lake hayumo.

Mzee Damiano alikuwa akitembea na kofia mkononi ili amtazame binti yake vizuri.

"Nilimpeleka shule ya misheni awe mwalimu, asimame mbele ya darasa," aliwaambia waumini nje ya kanisa. "Darasa limekuwa dogo. Mimi nafurahi, nyie mseme mtakavyo."

Walimpa mkono. Walikuwa wamefurahi pia.

Yusta hakufanya mkutano hata mmoja, kwa kuwa asiyekuwapo hapewi kibali. Wagombea wa vyama walifanya mikutano yao kwenye kivuli chake, maana jua lilikuwa kali, na waliahidi barabara, maji na vishikwambi. Yeye aliwasikiliza wote.

Siku ya kupiga kura, karatasi haikuwa na jina lake wala picha yake. Watu wengi, wa jembe na wa ng'ombe, waliacha visanduku vyote wazi na kuchora mstari mmoja ulionyooka kutoka chini ya karatasi mpaka juu. Cleopa alizihesabu kura hizo kwa uangalifu, akazitangaza kuwa zimeharibika, kisha akamtangaza mshindi. Mshindi alikwenda Dodoma kukalia kiti chake, na wapambe wake wakapiga vigelegele miguuni kwa Yusta, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi.

Msimu uliofuata ng'ombe waliingia tena kwenye mahindi. Yusta aliwaona wanaume wakikimbiliana na mapanga kabla wao hawajaonana, akampigia simu kila aliyemjua, na simu nyingi zikapokelewa, lakini walikuwa wamechelewa. Kulwa alipoteza mkono wa kulia.

Baadaye kidogo walikuja watu wa usalama wa ndege. Walipima, wakaandika, wakamweleza Seni kwamba kitu chochote kilichosimama kupita kimo fulani lazima kiwe na taa nyekundu juu yake.

"Kwa hiyo nyinyi mnakubali amesimama?" Seni aliuliza.

"Amesimama, ndiyo," walisema. "Kwa mambo ya ndege."

Aliyepanda kuifunga taa alikuwa fundi umeme aitwaye Aneth, kutoka Morogoro. Alipanda tangu asubuhi kwa kamba, akipita kitenge, shuka, kitenge, na alipofika begani alipumzika na kunywa maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na kupanda."

"Asante. Huku unaona mbali."

"Ile njia naiona yote," Yusta alisema, akanyoosha kidole. "Inaanzia pale kwenye vichaka, inazunguka kijiji cha Kilangali kwa nyuma, inashuka mtoni. Haigusi shamba hata moja. Ipo wazi kabisa, ni kuwekewa alama tu."

Aneth alitazama, na kweli aliiona.

"Mbunge umemwambia?"

"Nilimpigia."

"Akasemaje?"

"Alisema nikae chini kwanza, ndiyo tuzungumze."

Aneth alikaza nati, akaijaribu taa, ikawaka. Kule Mikumi watu walitoka nje kuitazama, nao wakasimama.