Gitaa la Shubiri Tano

Mhudumu wa mabehewa ya kulala ana kabati moja tu la kuweka vitu vyake ndani ya treni, na kabati hilo halina huruma. Kitu kikiingia na mlango ukafungika, kinasafiri. Kisipoingia kinabaki stesheni, hata kama ni urithi wa babu. Kabla treni haijaondoka, msimamizi wa behewa hupita akigonga mlango mmoja mmoja kwa fundo la kidole, na saa hiyo huwa hana rafiki.

Kimya aliambiwa hayo siku ya kwanza ya mafunzo, akayaweka kichwani. Siku ya mwisho, wenzake walipokwenda kunywa chai, alibaki peke yake kwenye behewa, akafungua kabati atakalopewa na kulipima kwa mkono. Kutoka chini hadi juu, shubiri tano. Upana, shubiri mbili na vidole vitatu. Kina, shubiri moja. Akapima tena, akapata vilevile, akafunga. Alikuwa anapimia gitaa ambalo bado hajalinunua.

Jina la Kimya binti huyo alibandikwa na mjomba wake, aliyemlea tangu ana miaka sita, na lilimkaa sawasawa. Angeweza kushinda kutwa kwenye karakana ya mjomba akikata sponji na kubandika vitambaa bila kutoa neno zaidi ya "ndiyo" na "bado". Mjomba alikuwa fundi makochi wiki nzima. Jumamosi alikuwa kiongozi wa bendi ya watu watano inayopiga kwenye harusi na sherehe za maofisi. Yeye alishika gitaa la solo, Kimya la ridhimu, kwenye kiti cha nyuma kando ya ngoma, mahali ambapo wapiga picha hawafiki. Kiti hicho Kimya alikipenda kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho. Akiwa pale, watu mia tatu walicheza kwa mkono wake, na hakuna hata mmoja aliyemtazama.

Sasa kazi ya treni ilikuwa na maana ya siku kumi na moja njiani na tatu nyumbani. Tena mpiga ngoma alikuwa na mkwe, mwanamume mwenye gitaa na muda wa kupoteza, ambaye alishaanza kupita mazoezini "kusalimia tu". Mjomba hakumung'unya maneno.

"Kumi na moja ni nyingi, mama," alimwambia, misumari ikiwa mdomoni. "Vidole visipogusa nyuzi siku zote hizo, vinarudi vya mtu mwingine. Upate gitaa la kwenda nalo, upige kila siku, kiti ni chako. Usipopata, nitamkalisha yule mkwe wa watu. Sina ujanja."

"Kuna magitaa madogo ya safari," Kimya alisema.

"Ya watoto hayo! Shingo fupi, nafasi za vidole zimebanana. Uzoee hilo, kisha urudi kwenye kubwa, utakuwa kama mtu anayepanda ngazi za nyumba asiyoijua na taa zimezimika. Gitaa liwe kubwa, au usijisumbue."

Masharti yakawa mawili: liwe kubwa, na liingie kabatini. Zikiwa zimebaki siku mbili treni iondoke, asubuhi, mjomba na mpwa wake wakapanda ngazi za duka la magitaa, kati ya daktari wa meno na mahali pa kutolea nakala.

Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba. Magitaa yalining'inia ukutani kwa safu, na mwisho wa chumba kulikuwa na kaunta ya mbao. Nyuma ya kaunta alikaa mwanamke mmoja aliyefunga miwani yake kwa uzi wa gitaa, wapiga muziki wote wakimwita Mama Nyuzi.

"Shikamoo, mama," Kimya alisema kwa sauti ya mtu anayeomba kupita.

"Marahaba, binti. Mzee karibu, umepotea sana. Leo unanunua?"

"Mpwa wangu ndiye mnunuzi. Mimi ni shahidi tu."

Shahidi mwenyewe hakutulia hata dakika moja. Alishusha gitaa hili, akachungulia tundu la lile, akaligonga jingine mgongoni kama anayechagua tikiti maji. Mama Nyuzi alimwacha afanye fujo zake, akamgeukia Kimya.

"Linakwenda wapi?"

"Kwenye treni. Kabatini."

Mama Nyuzi akatoa dogo moja la kupendeza. Mjomba aliliona kutoka upande wa pili wa chumba.

"Hilo ni manati ya kuwindia ndege!"

Mama Nyuzi akalirudisha, akavuta begi jeusi kutoka chini ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na tumbo la gitaa na shingo yake, kila kimoja kwenye mfuko wake wa kitambaa, nyuzi zikiwa zimelegea kati ya viwili hivyo.

Mjomba akasogea, akatazama. "Maskini. Nani kalichinja?"

"Halijachinjwa, linafunguliwa. Ni gitaa kubwa kamili, la kusafiri."

"Mama, mimi natengeneza makochi mwaka wa thelathini huu. Kitu kinachofunguliwa ndicho kinacholegea. Waulize wenye vitanda."

"Kwani miguu ya makochi yako haifunguliwi?"

"Miguu haiimbi."

Akalipa kisogo begi hilo, akashusha kutoka ukutani gitaa kavu, lisilo la umeme, lenye tumbo pana la rangi ya asali. Alipopitisha dole gumba, sauti ilijaa chumba kizima. Mteja mmoja aliyekuwa anachagua mikanda ya kuvalia gitaa pamoja na mkewe aligeuka kutazama. Uso wa mjomba ukachanua.

"Tumemaliza. Hili."

"Hilo si la safari, mzee."

"Lisafiri lisisafiri, shida yetu ni kabati. Kabati shubiri ngapi, mama?"

"Tano," alijibu Kimya.

Mjomba alililaza gitaa juu ya kaunta, akatandaza mkono wake na kuanza kupima kutoka kwenye makalio ya gitaa. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ya tano ilivuka kichwa cha gitaa na kidole kidogo kikaelea hewani.

"Tano kasoro! Linaingia, na nafasi ya sabuni inabaki."

"Nina futi hapa," Mama Nyuzi alisema, akaivuta kutoka kwenye droo.

"Futi ni ya wanaoanza kazi. Mkono huu umepima makochi ya mahakimu. Tufungie."

Mama Nyuzi aliinua mabega, akaenda kutafuta karatasi ya kufungia.

Kimya aliutazama mkono wa mjomba uliokuwa bado umetandazwa juu ya mbao. Ulikuwa mpana kama sahani, dole gumba limepinda kwa miaka ya kuvuta kamba. Kule karakanani, mkono wa kupima ulikuwa huo mmoja tu. Kimya alijifunza kuhesabu shubiri kwa kumtazama, lakini kitambaa kilipokatwa, kilikatwa kwa kipimo cha mjomba, na makochi yakatoka sawa. Kabati la treni ndilo kitu cha kwanza maishani mwake alichokipima mwenyewe.

Akautandaza mkono wake nyuma ya mgongo, pasipo mtu kuona. Hakuwa na haja ya kuulinganisha. Alijua.

Shida ilikuwa mahali pa kulisemea. Mjomba hakuwahi kusahihishwa mbele ya watu, na hapo palikuwa na mteja, mke wa mteja na Mama Nyuzi. Tena kiti cha nyuma kando ya ngoma kilikuwa mikononi mwa mjomba huyohuyo. Akinyamaza, keshokutwa gitaa la rangi ya asali litabaki stesheni na yule mkwe atakaa. Akisema, mjomba anaweza kuvimba akamkalisha mkwe vilevile. Karatasi ya kufungia ilishaanza kukunjuliwa.

"Mjomba," alisema.

Hakuna aliyesikia. Mjomba alikuwa anamweleza yule mteja tofauti ya mbao.

Kimya akapiga moyo konde. Alisogelea kaunta, akaweka dole gumba kwenye makalio ya gitaa na kuanza kupima, akihesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu." Mjomba alinyamaza katikati ya neno. "Nne. Tano."

Shubiri ya tano iliishia katikati ya kichwa. Vifungo viwili vya juu vya kukazia nyuzi vilibaki nje.

"Kabati nilipima kwa huu," alisema.

Mjomba alitazama mkono, akatazama gitaa. "Kwani mkono wako una nini?"

"Hauna kitu. Ni mfupi."

Mama Nyuzi alicheka mpaka miwani ikamruka puani ikabaki kuning'inia kwa uzi wake. Mke wa mteja akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Mama, ulijua ukanyamaza?" mjomba alimgeukia.

"Nilitoa futi, mzee. Ukasema ya wanaoanza."

Uso wa mjomba ulishuka. Akalitazama gitaa lake la asali kama mtu anayeagana. "Basi lilazwe mshazari."

"Tumbo linajaza upana wote," Kimya alisema. "Halina pa kulalia."

"Basi chukua hilo la kuwindia ndege! Au usichukue kitu, tujue moja."

Kimya hakuondoka pale kaunta. "Naomba lile la kufungua," alimwambia Mama Nyuzi.

"Nimeshasema juu ya hilo," mjomba alisema.

"Ulisema liwe kubwa."

Mama Nyuzi alishaifungua mifuko. Akaichomeka shingo kwenye mfereji wake, akazungusha skrubu nene iliyo nyuma ya kisigino cha shingo, na nyuzi zikakaza zenyewe taratibu kama kamba ya kuanikia inayovutwa. Kimya akapima kutoka kwenye mfupa wa juu, nyuzi zinapoanzia, hadi zinapoishia tumboni. Shubiri tatu na vidole vinne. Akapima la asali. Shubiri tatu na vidole vinne. Alipima yote mawili mbele ya macho ya mjomba, polepole.

Mjomba alipangusa pua. "Fungua," alisema.

Kimya akalifungua. Kule mafunzoni alitandika vitanda arobaini na vinane kwa siku, na mikono yake ilikuwa imezoea vitu vya kukunja.

"Funga."

Akafunga.

"Fungua tena. Funga. Haya, piga. Ule wimbo wa kuingilia maharusi."

Watu wanne walikuwa wanamtazama. Kimya akageuka, akasimama uso kwa uso na ukuta wa magitaa, akapiga. Alipiga ridhimu kama alivyoipiga kila Jumamosi, mkono wa kulia ukienda bila kuulizwa, na magitaa yaliyoning'inia mbele yake yakaanza kuvuma kidogokidogo, nyuzi zao zikitikisika bila kuguswa. Vidole vya kushoto vilikuta kila nafasi pale ilipotakiwa kuwa. Uzi wa tatu ulikuwa umeshuka sauti. Aliukaza kati ya mpigo na mpigo, akaendelea.

Mjomba alisikiliza kwa macho yaliyofumba, kama anayetafuta msumari kwenye sponji.

"Uzi wa tatu ulishuka," alisema mwishoni.

"Kidogo," alisema Mama Nyuzi.

"Kidogo nako ni kushuka. Na sauti yake ni nyembamba kuliko ya lile."

"Chumba cha wahudumu tunalala wanne," Kimya alisema, bado ameutazama ukuta. "Likipiga kelele, watalitupa dirishani. Na mimi nitafuata."

Yule mteja wa mikanda akacheka. Mjomba hakucheka.

"Mimi sikubali wala sikatai," alisema. "Pesa ni zako."

Kwa kawaida, neno kama hilo kutoka kwa mjomba lingemrudisha Kimya nyumbani mikono mitupu. Aligeuka kutoka ukutani, akaliweka gitaa juu ya kaunta na kuilegeza skrubu yake. "Nachukua hili," alimwambia Mama Nyuzi, akalipa, akavaa begi mgongoni. Begi lilimfika kiunoni tu.

Mjomba alitangulia kushuka ngazi bila kugeuka nyuma. Mbele ya mahali pa kutolea nakala palikuwa na benchi la wanaosubiri karatasi zao. Alilipita, akasimama, akarudi na kuketi.

"Lete hapa."

Kimya akampa begi. Mjomba alitoa tumbo na shingo, akautazama mfereji kwa muda, akapitisha ukucha pembeni kama anavyofanya akikuta kazi ya fundi mwingine. Akazitafuta kasoro. Akaanza kuunganisha. Skrubu haikuuma. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha, haikuuma.

"Ungenyamaza ingekuwaje?" aliuliza, macho yakiwa kazini.

"Lingebaki stesheni."

"Na mimi ningesema kosa ni la kabati." Akazungusha skrubu, ikateleza. "Unarudi lini?"

"Ijumaa ya wiki ile nyingine."

"Jumamosi yake tuna harusi. Saa nane kamili uwe umekaa. Saa nane na dakika moja sikujui."

Kimya alikaa kwenye ukingo wa benchi. Akauliza, "Na mkwe wa mpiga ngoma?"

"Atabeba spika. Ana mgongo mzuri."

Mtu mmoja alitoka na lundo la nakala, akawaruka miguu, akaenda zake. Mjomba alikuwa bado anapambana, jasho limemtoka kwenye paji la uso.

"Upande wa pili, mjomba," Kimya alisema.

"Najua," alisema mjomba, akaizungusha upande wa pili.