Siku ya Baba Kuagwa Kituoni

...na wanapiga makofi tena, kwa nini wasipige, baba anaongea vizuri akitaka, leo anastaafu, kasimama pale mbele ya wenzake wa kituo cha darubini na suti ambayo mama aliipiga pasi mara ya mwisho akiwa amekaa kwenye kiti, miguu ilikuwa imeshamgomea, na nyuma yake ukutani mchoro wa galaksi yake, mstari unaopanda na kushuka kama mtu anayepumua kwa shida, maisha yake yote ya kazi yamo pale, kupima mwanga wa kiini cha galaksi moja, mbali kiasi kwamba darubini inakiona nukta tu, "mabadiliko haya ni ya taratibu mno," anasema, "ukikitazama mwezi mmoja huoni kitu, lazima ukae nacho miaka," nao wanatikisa vichwa, ndiyo profesa, hewala profesa... alikaa nacho kweli, mimi nilikaa na mama, kijiko kikaanza kumponyoka, halafu kikombe, halafu maneno, taratibu mno, na baba akirudi kutoka kituoni macho mekundu anauliza kuna chai, basi, mpaka jioni ile mezani, nilikuwa namenya machungwa, mama akamwambia, "Baba watoto, mkono huu siusikii vizuri," naye bila kuinua uso, "Eh, nimeona, kimeanza kufifia tangu mwaka jana," na mama akanitazama, akacheka kidogo, sote wawili tulijua anazungumzia kiini cha galaksi yake, akauficha mkono chini ya meza na hakuutaja tena... sasa anasema nini, mke wangu, marehemu mke wangu, "hakunilalamikia hata siku moja," mwongo, mbele ya watu wote hawa, mwongo mkubwa, na mshereheshaji huyu ananinyooshea kipaza sauti, zamu ya familia, haya, leo nitasema, namwaga yote, acha aumbuke na suti yake... lakini baba kanigeukia, macho yamejaa machozi, "Si ndiyo, mama?" ananiuliza, kwa upole, kama mtu anayeulizia jambo ambalo sote wawili tunalijua, na hana wasiwasi, sioni wasiwasi wowote usoni pake... Mungu wangu, hadanganyi, miaka yote namchukia kama mtu aliyesikia akapuuza, kumbe hakusikia, mama alikufa pembeni yake na hakusikia, mwongo ningemshika ukosi, huyu nitamshika wapi... makofi hayajaisha, kipaza sauti kiko pale pale mbele yangu, na hasira niliyokuja nayo haina pa kukaa