Aliyetakiwa Kutoka Njiani

Jina la Fisi alipewa na dada yake mwenyewe, wala si kwa ubaya. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kukomba sufuria mpaka ing'ae. Akipewa chake, jicho liko kwa cha mwenzake. Akinunuliwa gauni, anauliza viatu vinakuja lini. Mama yao alipofariki, Dada ndiye aliyebaki kumlea, na anayelea mtoto wa namna hiyo hujifunza kulala na njaa kidogo. Dada alijifunza. Hakulalamika hata siku moja, ila alimwita Fisi huku akicheka, na jina likaganda mpaka wakubwa na wadogo wakasahau lile la kuzaliwa.

Walifanya kazi pamoja katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, huko chini kusiko na madirisha, ambako mvuke hauishi na mtu akitoka nje jua humuumiza macho. Dada aliendesha mashine, Fisi alikunja mashuka. Watu husema tamaa ni ugonjwa, na mimi sitabishana nao, lakini wangemwona yule binti akikunja wangenyamaza kidogo. Alipogundua kwamba msimamizi humruhusu anayemaliza fungu lake aende zake, alikunja kama anayefukuzwa, na muda aliouiba kwa mikono akaupeleka barabarani kwa miguu. Alikuwa ameanza kukimbia kwa sababu moja tu: Dada alikimbia, na Dada alipigiwa makofi. Fisi aliyataka yale makofi. Kipaji hakuwa nacho cha kutangazwa, Kocha wa timu yao mwenyewe alikiri hivyo. Wenye kipaji waliingia kwenye timu wakaolewa, wakanenepa, wakachoka, wakaacha. Fisi hakuacha, kwa sababu hakuwahi kupata cha kumtosha.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika. Mbio za mizunguko ishirini na tano, na zawadi yake ilikuwa nafasi moja ya kwenda kushindana ng'ambo. Mshindi ndiye angeipata, tena si mshindi hivi hivi. Lazima avuke mstari kabla ya muda uliowekwa. Akishinda kwa kujivuta, nafasi inapotea na hakuna anayekwenda. Dada alikuwa ameikosa mara mbili. Goti lake la kushoto lilikwisha kumwambia, kwa lugha ambayo magoti hutumia, kwamba hakutakuwa na mara ya nne.

Kocha alipanga mambo mapema. Fisi angekimbia mbele ya Dada na kuuvuta mwendo, akimkingia upepo na kumpa mgongo wa kuutazama, mpaka ibaki mizunguko mitano. Hapo Kocha, ambaye angesimama kwenye kona, angevua kofia yake, na Fisi angeingia kwenye nyasi za ndani kazi yake ikiwa imekwisha. Kuna watu ambao kazi yao ni hiyo tu katika riadha: kuvuta wenzao kisha kutoka njiani. Fulana aliyopewa Fisi ilikuwa ya mistari myeusi na myeupe ili waamuzi na watazamaji wajue kwamba huyu si wa kuhesabiwa. Hata hivyo sheria haimkatazi mvutaji kuendelea mpaka mwisho, na hata kushinda, miguu ikimruhusu. Kinachomkataza ni ahadi.

Na Fisi alikuwa ameahidi. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kilichonuka dawa ya kuchua misuli, aliinua mguu mmoja baada ya mwingine na Dada akamfunga kamba za viatu, fundo juu ya fundo, kama alivyomfunga tangu darasa la kwanza. Kocha akarudia maelekezo, akampigapiga bega.

"Zamu yako itakuja, binti. Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Kocha," Fisi akajibu.

Wakacheka. Kocha alicheka zaidi, kwa kuwa alidhani ni utani. Dada alicheka kidogo, akaendelea kulitazama lile fundo hata baada ya kumaliza kulifunga.

Bastola ilipolia, Fisi alishika mbele kama alivyoagizwa. Nyuma yake alikuwa Dada, na nyuma ya Dada alikuwa Twiga, yule mrefu wa timu ya jeshi aliyeshinda mwaka uliopita; wengine walianza kuachwa mapema. Wale ndugu wawili walikuwa na lugha yao ya barabarani. Dada akigonga ulimi, maana yake punguza. Akivuta pumzi kwa kelele, maana yake ongeza. Mzunguko baada ya mzunguko Fisi alisikia pumzi na ulimi, akatii. Mtangazaji wa uwanja aliwataja Dada na Twiga, akawasifu, akaeleza habari za goti. Fisi hakutajwa. Mtu anayeongoza mbio zote alikuwa hatajwi, na jambo hilo lilimkera kuliko upepo.

Mizunguko ilipopungua, alianza kuona kitu ambacho hakukitarajia. Miguu yake ilikuwa bado ipo. Alikuwa amejiandaa kuchoka kwa wakati uliopangwa, kama mtu anayejua chakula kitakwisha saa ngapi, na uchovu haukuja. Alipopita kwenye saa kubwa iliyo kando ya mstari wa kumalizia aliitupia jicho, akaona wamechelewa kidogo. Si sana, lakini wamechelewa. Na ulimi nyuma yake ukagonga. Punguza. Dada alikuwa anaomba kupunguza wakati saa ilikuwa inadai kuongeza.

Wakaingia kwenye kona. Kocha akavua kofia.

Hapa wapo watakaotaka kumpamba Fisi. Watasema aliiona saa, akajua dada yake akibaki peke yake atalegea na nafasi itapotea, ndipo akaamua kujitoa mhanga. Tusidanganyane. Saa aliiona, ndiyo, na mawazo hayo yalimpitia, yakapita. Kilichobaki kilikuwa cha zamani na kilikuwa chake: nafasi ile ilikuwa mbele, yeye alikuwa mbele, na aliitaka. Aliitaka mpaka mate yakamjaa mdomoni. Alimwona Kocha akiipunga kofia ile kama anayefukuza nzi, akampita.

"Toka, mdogo wangu," Dada akasema nyuma yake, kwa upole, akidhani hakuona.

Fisi akaongeza mwendo.

Kwa hatua kadhaa hapakuwa na sauti ila ya viatu. Kisha Dada akaelewa. Fisi alijua kwamba ameelewa kwa sababu ulimi ulinyamaza na pumzi ilibadilika. Haikuwa tena ishara ya kuongeza wala kupunguza.

"Toka," Dada akasema tena, na sasa hapakuwa na udugu ndani ya neno hilo.

Fisi aliona aibu, nayo haikumpunguzia kasi. Alikimbia akiwa na aibu yake. Alikumbuka nusu ya kila kitu ambayo Dada alimwachia, akatamani kulia, akaendelea kuitaka nafasi ileile. Nyuma yao Twiga alijaribu kwenda nao mzunguko mmoja, akashindwa, akaachwa. Watazamaji walianza kusimama. Mtangazaji, aliyekuwa hajui jina la mwenye fulana ya mistari, alisikika akipekua karatasi kwenye kipaza sauti.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Fisi alikuwa bado mbele, na kwa mara ya kwanza aliogopa, kwa sababu zile hatua za nyuma hazikuwa za mtu mwenye goti bovu. Zilikuwa zinakuja. Alimjua Dada akiwa amechoka, akiwa na homa, akiwa na njaa. Akiwa na hasira hakuwahi kumjua. Kwenye kona ya mwisho kivuli kikamfikia. Walipoingia kwenye njia iliyonyooka walikuwa bega kwa bega, hawatazamani, na Fisi akatoa kila kilichobaki kwenye ghala. Kifua kilimwaka, macho yakaona giza pembeni. Hakikutosha. Dada akavuka mstari akiwa mbele yake kwa urefu wa mkono, na saa ikasimama sekunde chache kabla ya muda uliowekwa. Dada hakuwahi kukimbia kasi hiyo maishani mwake, hata alipokuwa kijana.

Uwanja ulipasuka kwa vigelegele. Fisi alianguka kwenye nyasi zilezile alizotakiwa kuingia mapema, na alipoinuliwa aliona jambo la ajabu: watu walikuwa wanamshangilia yeye pia. Mtangazaji aliteremka mbio na kipaza sauti chake. Kocha akamkumbatia begani huku machozi yakimtoka, mzee wa watu, akisema hakuwahi kuona mapenzi ya ndugu kama yale.

"Ulitakiwa kutoka, ukakataa kumwacha dada yako," mtangazaji akasema, na sauti ikazunguka uwanja mzima. "Ulibaki umvute mpaka mwisho. Huo ni moyo wa namna gani?"

Kilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu. Makofi aliyoyataka tangu utotoni yalikuwa yamemjia bila hata kuyaomba, na mtu ambaye hajawahi kuacha kitu mezani aliyasikiliza kwa muda. Akageuka. Dada alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, mikono kiunoni, bado anahema, anamtazama. Hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alikuwa anangoja kuona kama na hili litaliwa.

"Hapana," Fisi akasema. "Sikubaki kwa ajili yake. Nilitaka kushinda. Niliitaka nafasi yake."

Watu wa karibu walicheka, wakidhani ni unyenyekevu tu. Kisha walimwangalia usoni na kicheko kikaisha. Mkono wa Kocha uliondoka begani mwake. Mtangazaji akamshukuru haraka haraka, akamkimbilia Twiga.

Chini ya jukwaa, kwenye benchi la chumba kilekile, Kocha alisema aliyokuwa nayo. Alisema kwa sauti ya chini, jambo lililokuwa baya zaidi: kwamba mtu akivunja ahadi mbele ya uwanja mzima hakuna atakayemwamini nyuma ya mlango, kwamba kwake asije tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Dada, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la pili goti likiwa limefungwa barafu, akamwomba Kocha awaache kidogo, na Kocha akatoka bila kumtazama Fisi.

Nje waliita jina la Dada aende kupokea nishani.

"Pale kwenye kona nilikuwa nimekwisha," Dada akasema hatimaye. "Nilikuwa nimeshajiambia nimejitahidi, inatosha. Ulipokataa kutoka, nikatamani kukuua."

"Najua, Dada."

"Hujui. Nisingekimbia vile kwa ajili ya nafasi. Nilikimbia ili usiipate wewe."

Fisi akafuta pua kwa kiganja. Alijua asiulize, lakini alishindwa kujizuia, maana alikuwa yuleyule.

"Kwa hiyo nimekusaidia?"

Jina la Dada likaitwa mara ya pili. Akaondoa barafu gotini, akasimama kwa kujishika ukutani, na Fisi alipoinuka amsaidie akamzuia kwa mkono.

"Leo usiniombe chochote. Hata shukrani, hata msamaha," akasema. Alifika mlangoni, akasimama akiwa amempa mgongo. "Kesho asubuhi nikitoka kwenda barabarani uwe umeshavaa viatu. Ukichelewa, nakuacha."