Mwewe Kumi na Saba

Shabani alikuwa mchinjaji wa kutoka Kondoa, aliyehamia Tunduma wakati malori ya mafuta ya Zambia yalipoanza kujipanga mpakani kama siafu. Bucha yake ya mabati ilitazamana na maegesho ya malori hayo. Chini ya upenu wake alimpa nafasi fundi viatu mmoja, Mndali wa milima ya Ileje aliyeitwa Anyitike. Mtaa mzima ulimwita Baba Ikupa, kwa jina la bintiye, ambaye ndiye pekee aliyembakia baada ya mkewe kufariki.

Kilichowaunganisha wawili hawa ni ndege. Kila siku kwenye saa nne, jua likishachemsha vumbi, mwewe waliinuka juu ya malori wakazunguka wakivizia matumbo nyuma ya bucha. Hapo mwanzo Shabani aliwaona wote kuwa wezi wa vifaranga, basi. Baba Ikupa ndiye aliyemfundisha kutazama. Mwewe, alimwambia, mkia wake umeachana katikati. Pungu huonekana kama hana mkia kabisa, tena huyumbayumba angani kama mtu aliyetoka kilabuni. Kozi ni mdogo, mbawa zimechongoka, naye huwaangukia njiwa wa ghala la mahindi kwa kasi hata usijue njiwa amekwenda wapi. Ikawa Shabani anaacha shoka kwenye gogo na kutoka nje, huku wateja wakimsubiri, eti Baba Ikupa amemwona kozi. Ikupa, binti wa miaka kumi na tisa aliyeuza vitumbua kwa madereva, aliwacheka wote wawili akisema siku moja watagongwa na lori shingo zikiwa juu.

Mwaka 1972, Wachina wakiwa bado wanaisogeza reli yao kuelekea mpakani, mbwa mmoja alimng'ata Ikupa kwenye kifundo cha mguu pale maegeshoni. Kidonda kilikuwa kidogo. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, na kikapona. Wiki ya sita alianza kuumwa kichwa, kisha akawa hawezi kumeza. Babaye alipomletea kikombe cha maji, koo lilimkaza na mwili ukatetemeka wote. Shabani alitafuta gari la kumpeleka hospitali, na huko waliambiwa kwamba muda wa sindano ya kichaa cha mbwa ulikuwa umepita. Walimzika Jumatano.

Haikupita wiki mbili bwana afya akaja buchani. Mbwa wazururaji walikuwa wengi, na watu wengine wawili walikuwa wameng'atwa. Alitaka mapafu na utumbo, vikatwe vipande vidogo. Sumu angeitia mwenyewe na kuvitawanya jioni. Shabani aliwafikiria mwewe saa ileile. Neno lilimfika ulimini. Lakini alipotazama nje alimwona Baba Ikupa ameinama juu ya kiatu ambacho alikuwa hajakishona tangu asubuhi, mkono umeshika sindano tu. Akalimeza lile neno, akanoa kisu, akakata.

Asubuhi mbwa walikuwa wamelala kila upande wa maegesho. Wengine walikuwa wameshaburutwa kwenda kuzikwa, lakini si wote, na vipande vya nyama vilibaki chini ya malori. Saa nne ndege walishuka kama kawaida yao. Shabani alitoka mbio akipiga debe kuwafukuza. Wakaruka, wakazunguka, wakarudi kwa upande mwingine. Alikimbia huku na huku hadi pumzi ikamwishia. Kisha wakaanza kuanguka. Mmoja aligonga bati la bucha. Mwingine aliangukia turubai la lori, akapigapiga mbawa kwa muda mrefu, dereva akitazama bila kujua la kufanya.

Baba Ikupa aliinuka, akachukua gunia tupu, akaanza kuwaokota. Shabani alimfuata. Walipomaliza waliwahesabu. Walikuwa mwewe kumi na saba, na pungu mmoja aliyekutwa karibu na kizuizi cha mpaka, macho yakiwa wazi.

"Nyama ilikuwa yako?" Baba Ikupa aliuliza.

"Yangu."

"Ulijua?"

Shabani alitaka kusema hakujua. "Nilijua," alisema. "Nilinyamaza kwa ajili ya Ikupa."

Baba Ikupa alifunga mdomo wa gunia kwa uzi wake wa viatu, taratibu, akikaza fundo mara mbili.

"Ungeniuliza," alisema. "Ningekubali. Mbwa lazima wangeuawa. Lakini ungeniuliza, tukawalinda ndege sote wawili."

Hakumgombeza, wala hakuacha kumsalimu. Ila siku zilizofuata hakuinua tena macho kutoka kwenye kazi yake, na mwezi haujaisha alipanga vifaa vyake sandukuni akarudi kwao Ileje kwa kaka yake. Mbwa walipungua kweli, na mwaka ule hakuna mwingine aliyekufa kwa kichaa chao. Watu walimshukuru bwana afya, wakamshukuru na Shabani. Shukrani hizo alizipokea akiwa ameinamisha kichwa.

Mwaka uliofuata, baada ya mvua, Shabani alifunga bucha siku tatu akapanda lori la kahawa kwenda kumtafuta. Alimkuta amekonda, anapalilia maharage. Baba Ikupa alimkaribisha vizuri, akampa kigoda, akamtenga kuku ili mgeni amchinje mwenyewe kwa dini yake. Walikula. Walizungumzia mvua, bei ya soli, na vijiji vipya vya ujamaa vilivyosemwa vitakuja. Kila mazungumzo yalipoelekea Tunduma, mwenyeji aliinuka kuchochea moto.

Kesho yake alimsindikiza hadi barabarani. Lori lilipotokea kwenye kona aliushika mkono wa Shabani kwa mikono yake yote miwili.

"Njia ni ndefu, Bwana Shabani," alisema kwa upole. "Usijisumbue tena."

Shabani alipanda nyuma, akaketi juu ya magunia. Alikuwa na maneno aliyoyabeba kutoka Tunduma, ameyapanga mwaka mzima, na lori liliteremka mlima akiwa nayo yote bado.