Mji Uitwao Kiwele

Asubuhi ile Avelina alikuwa ameketi kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, paji la uso kaliegemeza ubavuni mwa ng'ombe wake Bihogo, anakamua. Chuchu tatu zilitoa maziwa. Ya nne, ile ya nyuma kushoto, ilikuwa imevimba, ina moto, na ilitoa maji ya manjano yenye mabonge mabonge. Aliyakinga kwenye bakuli la pembeni ili akayamwage. Ndipo bakuli likasema, "Kitendawili!"

"Tega," akajibu Avelina, bila kuacha kukamua. Mtu aliyelelewa vizuri akisikia kitendawili hana jingine la kusema.

"Nyumba yetu ina milango minne, mmoja tumeufunga."

"Kiwele. Na mlioufunga ni nyie, watundu nyie. Fungueni."

Bakuli likavuma kidogo, kama watu wanaoulizana. Sauti zilikuwa nyingi na ndogo, mfano wa mchele unaopepetwa kwenye ungo.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mgeni wetu huingia kwa vishindo, chai haijachemka keshaondoka."

Avelina akawaza. "Mgombea udiwani?"

"Siyo."

"Mkwe?"

"Siyo. Tupe mji!"

"Haya, chukueni Pugu." Aliwapa Pugu kwa sababu alikuwa ameketi Pugu, na mtu hutoa kilicho karibu na mkono.

"Tulikwenda Pugu," wakasema, kwa ile sauti ya kuimbia ya mwenye mji mpya, "tukapokewa vizuri, tukala, tukashiba, tukazaa. Jibu ni sindano moja!" Wakacheka mpaka bakuli likatikisika. Avelina naye akacheka, maana kitendawili kizuri ni kizuri hata kama kimekushinda. Kisha akakumbuka kilichompeleka zizini, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Bihogo ndiye aliyekuwa akimweka mjini. Mumewe alipofariki, watu wa kwao Bukoba walimwita arudi. Avelina akawaambia ana ng'ombe, wakamwelewa. Lakini mwanawe Gaspar, anayekaa Kipawa, alikuwa amekwisha kusema yake. "Mama, ng'ombe wa chuchu tatu ni nyama inayotembea." Jumamosi angekuja na kenta ya rafiki yake ampakie Bihogo ampeleke mnadani, na mama mwenyewe ahamie Kipawa akalishwe chapati na mkwewe. Chapati Avelina alizipenda. Kuhamia hakutaka.

Kesho yake wale vijidudu wa kwenye bakuli wakatega tena. "Tumepigwa, tumenenepa." Akashindwa, akawapa Kipawa, jibu likawa dawa nusu. Keshokutwa yake wakatega, "Twamjua kwa rangi ya kofia yake, na bado anajiita muuaji." Akashindwa, akawapa Tegeta, kwa kuwa ni mbali na hana mtu huko. Jibu likawa ile chupa yenye kizibo cha buluu inayouzwa kwa Polikarpo, muuza dawa.

Mchana wa siku hiyo akaja Jumana. Jumana alikuwa daktari wa mifugo, binti wa Kihindi mwenye miwani mikubwa na viatu vya mvua, na alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba akifanya utafiti wa vijidudu vinavyokaa kwa ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa na paka. Alikuwa na boksi la barafu begani na vijiti vya pamba mfukoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Wangu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Vitendawili."

Jumana akaandika. "Afadhali wako," akasema. "Wa Temeke wanaimba singeli. Sampuli haitulii kwenye boksi, nikifika maabara nimechoka kama nimetoka harusini." Akachovya kijiti kwenye maziwa ya ile chuchu, halafu akainua uso. "Bibi, mie naishi Tegeta na nyanya yangu, Bi Gulbahar. Leo asubuhi kidonda cha sikio la paka wake kimemtegea kitendawili. Siyo wewe uliyewapa Tegeta?"

"Ndiyo mie. Si ukishindwa unatoa mji?"

"Unatoa. Ila hawa wanahamia kweli."

Avelina akaziba mdomo kwa upande wa khanga. "Mungu wangu. Na nyanya yako kawapa mji gani?"

"Hajatoa. Nyanya hakubali kushindwa. Amekaa mbele ya paka tangu asubuhi, hata chai hajanywa, anakisia tu."

Aliporudi kesho yake kutoka maabara, Jumana alikuwa na kisahani chenye kifuniko. Ndani yake vijidudu wa Bihogo walikuwa wameota kama ukungu kwenye mkate, na juu yao kulikuwa na viduara vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Vijidudu walikuwa wamevipanda karibu vyote. Juu ya kile cha dawa ya kizibo cha buluu walikuwa wamejazana hasa, kama watu barazani. Kiduara kimoja tu, cha pembeni, walikuwa wamekiachia nafasi, na hapo karibu walisemezana kwa kunong'ona.

"Hii wanaiogopa," Jumana akasema. "Kwa Polikarpo ipo, ila hainunuliwi, maana lazima uimalize. Asubuhi na jioni, mrija kwa mrija ndani ya chuchu, mpaka ule wa mwisho. Hata kiwele kikipona."

"Hata kikipona?"

"Hapo ndipo penyewe, bibi. Wote niliowatembelea wanaishia hapo. Ng'ombe akianza kula tu, dawa inarudi kabatini."

Duka la Polikarpo lilikuwa njia panda, na kila mtu alimwita Dokta ingawa mwenyewe hakuwahi kujiita hivyo. Alikuwa mtu mwema. Ng'ombe wa mtu akifa, Polikarpo alikuja msibani. Aliuza dawa kama wenzake wauzavyo maandazi: moja moja, ya moto, bila kuuliza ya nani.

"Mama Gaspar, boksi zima la nini?" akashangaa. "Chukua mrija mmoja. Ukiona bado, utarudi."

"Nipe zima, Dokta."

Wateja wengine wakamtazama kwa huruma, kama mama aliyenunua sanda mapema.

Dawa ikaanza. Kila alipokwisha kukamua Avelina aliipangusa ile chuchu, akausukuma mrija taratibu, akaisugua chuchu ili dawa ipande, na Bihogo akapiga mkia kwa hasira ya kawaida. Uvimbe ukashuka. Mabonge yakapungua. Ijumaa jioni kiwele kikawa laini, maziwa yakatoka meupe, na sauti ndani ya bakuli zikawa chache, za kikohozi.

"Haya basi, mama," wakasema. "Tunashukuru kwa yote. Sie tunajikunja hapa pembeni kidogo mpaka dawa ipite, kama kawaida. Tutaonana."

Avelina akaifuta mikono kwenye khanga. Kwenye kikapu alikuwa amebakiza mrija mmoja. Aliutazama, akawatazama wao, na uso wake ukachangamka kama wa msichana aliyeficha kitu mgongoni.

"Kitendawili!" akasema.

Bakuli likashtuka. Hakuna aliyewahi kuwatega wao. Lakini nao walikuwa wamelelewa vizuri.

"Tega!"

"Ndugu zake wote mmewaona. Yeye hamjamwona, wala babu yenu hakumwona."

Wakashauriana. "Kisu cha mnadani?"

"Siyo."

"Yule daktari mwenye miwani?"

"Si mmeshamwona? Kawachota kwa kijiti."

"Baridi?"

"Siyo. Nipeni mji."

"Chukua Kipawa."

"Kipawa nimewapa mwenyewe, sinyang'anyi zawadi. Nataka Kiwele."

"Kiwele si mji!"

"Ninyi mmezaliwa humo, mmezaa humo, mmefunga mlango humo mkamtega mwenye nyumba. Mji ni nini kingine?"

Wakabishana wao kwa wao kwa muda mrefu, na Bihogo akaongezewa majani. Mwishowe sauti moja, nzee na yenye mikwaruzo, ikasema, "Chukua."

"Nilikwenda Kiwele," Avelina akaimba, "nikapokewa vizuri, nikakamua chuchu zote nne, nikachemsha, nikanywa. Jibu ni dozi ya mwisho."

Vijidudu wakaangua kicheko. Walicheka kama siku ile ya kwanza, hata wagonjwa wao walicheka. "Mama, umetuibia! Kitendawili kinakuwa cha kitu kilichopo! Tumekaa Pugu yote, tumekaa kwa mbuzi, tumekaa kwa kuku, hicho kitu hakipo duniani!"

Avelina akautoa mrija kikapuni.

Kisha kukasikika vurugu ya watu wanaofunga mizigo. Waliondoka kwa adabu, wakiaga mmoja mmoja, wengine wakisema wanakwenda Kipawa na wengine Tegeta, ambako walikuwa na haki kabisa, kwa vile walipewa. Waliojivuta nyuma kwa ubishi waliukuta ule mrija, na hao hawakusimulia chochote.

Jumamosi Gaspar akaja na kenta. Akaibinya ile chuchu ya nyuma kushoto, ikamrushia maziwa usoni. "Mama, umeshinda," akasema, akacheka, akaomba lita moja ya kurudi nayo.

"Bado yana dawa. Tunasubiri daktari aseme."

"Basi. Ila mama, jogoo wangu ana jambo. Tangu juzi anakohoa, na kila akikohoa anasema kitendawili."

"Umempa mji?"

"Nilimpa Mbagala."

Avelina akashika kichwa. Akamweka mwanawe kitako kwenye ile ndoo, akamweleza habari yote ya dawa ya kumalizwa: ampigie simu Jumana aje ampime jogoo kwanza, na atakachoambiwa akimalize. Gaspar akasikiliza, akasema sawa mama, nimekuelewa mama, akaondoka na kenta yake tupu. Njia panda akasimama kwa Polikarpo, akanunua sindano moja.

Avelina mwenyewe alimwendea Polikarpo Jumatatu. Alimsimulia vyote, pamoja na kile kicheko. Polikarpo hakushangaa wala hakubisha. "Wanasema kweli," alisema. "Mie nina duka hili tangu zamani na dozi ya mwisho nimeiuza mara moja, kwako." Akasikitika sana. Alipokuwa akisikitika, mama mmoja akaja mwenye mbuzi anayeharisha, akataka ya kizibo cha buluu, moja tu. Akafungiwa kwenye gazeti.

Bi Gulbahar wa Tegeta alikuja Pugu siku moja na mjukuu wake, kumwona mwanamke aliyeshinda. Yeye alikuwa amekitegua kitendawili cha paka kwa ukaidi mtupu, halafu akampa paka dawa yote aliyoletewa na Jumana, mpaka ya mwisho. Paka alipona na siku hizi hasemi na mtu. Wale mabibi wawili walikaa barazani wakinywa chai ya maziwa ya Bihogo, wakitegana mpaka jua likazama, na kila aliyeshindwa alitoa mji ambao hana ndugu wala jirani. Walimaliza Ulaya yote.

Jumana bado anazunguka na boksi lake. Ndiye aliyewaletea habari kwamba huko Kipawa, Mbagala na Tegeta wale waliohama wamestawi, wana wajukuu na vilembwe, na wakati wa kulala huwasimulia watoto hadithi ya dozi ya mwisho. Watoto huuliza ilikuwa na rangi gani. Wazee husema hawajui. Basi watoto hucheka, hujifunika, na hulala vizuri.